Flashi ikigoma kwenye redio, usikimbilie kufomati!

  

Wiki hii nilikuwa nimepanga tuzungumzie spika za kuwekeza ukutani, lakini mada hiyo nimeiweka kiporo. Sababu ni dada mmoja, msomaji wa safu hii wa huko Tabata, ambaye alinipigia simu saa moja asubuhi, mtu mzima bado niko kwenye shuka. Anasema amenunua sabufa mpya, spika zake nne, taa zinawaka kama meli, lakini kila akichomeka flashi kioo kinamwandikia ‘NO FILE’. Fundi wa mtaani kamwambia flashi imekufa, aifomati au anunue nyingine, na kwa ushauri huo kamtoza elfu tano. Sasa anauliza, ‘Kaka, nifomati?’

Nilikaa kitako kitandani. Nikamwambia, dada yangu, kwa heshima na taadhima, usiguse kitu chochote mpaka usome safu yangu. Hivyo basi leo nitamjibu yeye, na nitawajibu wote wenye flashi zilizogoma. Na nitatoa siri yangu moja ambayo nyumbani kwetu hadi leo haizungumzwi mbele ya wageni.

Tuanze na yale mepesi, maana asilimia kubwa ya redio zinazopelekwa kwa fundi hazina ugonjwa. Kuna watu, na mimi nimo, tunachomeka flashi wakati redio iko kwenye bluetooth au AUX, halafu tunakaa tunaisubiri iimbe. Bonyeza kitufe cha MODE, au INPUT kwenye rimoti, mpaka kioo kiandike USB. Pili, angalia tundu lenyewe. Redio nyingine zina matundu mawili yanayofanana kama mapacha, kumbe moja ni la kuchajia simu tu. Hilo linatoa umeme wa volti 5 na basi, halisomi chochote, na mara nyingi pembeni yake wameandika 5V au wamechora alama ya betri. Ukichomeka flashi pale taa yake inaweza hata kuwaka, ukadhani mambo tayari. La hasha!

Kama tundu ni lenyewe, izime redio, ichomoe kabisa ukutani, halafu chungulia kwa tochi. Utakuta vumbi, uzi wa pazia, na nyumba nyingine mende kahamia na familia. Brashi kavu ya mswaki mpya inatosha. Usitie maji, usitie mafuta ya taa, na tafadhali sana usitie kijiti cha chuma.

Hapo jaribu kitu kimoja ambacho mafundi wengi hawakuambii kwa sababu hakina pesa: azima flashi ya jirani ambayo unajua inapiga kwake. Ikipiga na kwako, redio yako nzima, tatizo ni flashi. Isipopiga, peleka flashi yako kwa jirani. Kwa dakika tano na vikombe viwili vya chai umeshajua nani mgonjwa.

Kuna na wale wanaochomeka ile diski kubwa ya nje, ya kuhifadhia sinema. Ile ndani ina mota inayozunguka. Tundu la USB la kawaida, lile la toleo la 2.0, limepangiwa kutoa ampea 0.5 tu, na mota inapoanza kuzunguka inaweza kutaka zaidi ya hapo. Utasikia inalia tik, tik, tik, kama saa mbovu, kisha kimya. Umeme haumtoshi, siyo uchawi. Na wewe unayechomeka simu ya Android kwa waya ukitegemea redio ione nyimbo zako, simu za siku hizi hazijitambulishi tena kama flashi, zina utaratibu wake mwingine wa kuzungumza na kompyuta ambao redio nyingi haziujui. Itachaji tu. Tumia bluetooth, ndugu yangu.

Haya, tumemaliza ya watoto. Sasa tuingie jikoni.

Flashi, msomaji wangu, ni kama ghala. Ndani ya ghala kuna mizigo, yaani nyimbo zako, na mlangoni kuna karani mwenye daftari linaloonyesha kila mzigo uko kona gani. Tatizo ni kwamba makarani hawaandiki kwa lugha moja. Kuna karani wa FAT32, huyu alikuja na Windows 95 toleo la mwaka 1996, ni mzee lakini karibu kila redio duniani inasoma mwandiko wake. Kuna NTFS, huyu alianza mwaka 1993 kwenye Windows NT, ni wa kompyuta zaidi. Na kuna exFAT, kijana wa mwaka 2006, wa Microsoft vilevile, ambaye kwa miaka mingi mwenye kiwanda aliyetaka kumtumia alipaswa kuwa na leseni. Sasa wewe fikiria, mtu anatengeneza sabufa ya bei chee, ataanza kulipia leseni ya karani? Anaweka FAT32 peke yake, anafunga boksi.

Matokeo yake ndiyo haya. Unachomeka flashi yenye nyimbo mia tano, redio inafungua daftari, inakuta mwandiko isioujua, inaandika ‘NO FILE’ au ‘NO USB’ au ‘ERR’. Nyimbo zako zipo, zimekaa kwenye kona zake salama salimini. Aliyeshindwa ni msomaji wa daftari.

Hapa ndipo wengi hushikwa, maana flashi na memori kadi kubwa mara nyingi hutoka dukani na exFAT. Kwa memori kadi ni sheria kabisa: zile zilizoandikwa SDHC, zinazoishia GB 32, hutumia FAT32, na zile za SDXC, zinazozidi hapo, zimepangiwa exFAT. Kwa hiyo unamwona mtu anajisifu kanunua kadi ya GB 128 kwa ajili ya redio, mwenzake mwenye ya GB 8 anacheza muziki, yeye anaangalia kioo. Na hiyo GB 128 ya nini? GB 32 peke yake inabeba nyimbo zaidi ya 6,000 za kawaida. Kwa dakika nne kila wimbo, ukae siku 17 usiku na mchana bila kulala ndipo uzimalize. Wewe unazo hizo siku?

Na ukubwa wenyewe wakati mwingine ni wa uongo. Ziko flashi zinazouzwa barabarani zimeandikwa TB 1 kwa bei ya chipsi kuku, na kompyuta nayo inakubali kwamba ni TB 1, kwa sababu aliyeitengeneza ameidanganya mpaka karani. Ndani ghala ni dogo. Ukishalijaza, mizigo mipya inawekwa juu ya ile ya zamani, na majina yote unayaona yapo, lakini ukipiga wimbo unakwaruza au unaruka. Ipo programu ya bure inaitwa H2testw, inaijaza flashi yote na kuisoma tena, inakwambia ukweli. Ifanye siku ya kununua, flashi ikiwa tupu.

Sasa dawa ya hilo la karani ni kweli kufomati, yaani kumfukuza karani wa zamani na daftari lake na kumleta wa FAT32. Fundi wa Tabata hakukosea jina la dawa. Alikosea mpangilio, na mpangilio ndiyo kila kitu, kwa sababu ukifomati daftari la zamani linachomwa moto. Niulize mimi.

Basi bwana, baba yangu mzazi simkumbuki. Alifariki nikiwa na miaka miwili. Picha zake tunazo tatu, katika zote kafunga mdomo. Lakini kabla sijazaliwa, miaka ile ya tisini mwanzoni, alikuwa kibaruani Kigoma na mama yuko Tanga na dada zangu, na kwa kuwa simu zilikuwa za kupanga foleni, wao walikuwa wakiandikiana kwa kaseti. Mzee anarekodi upande A, anampa msafiri, kaseti inafika Tanga, mama anasikiliza, halafu anarekodi majibu upande B. Vijana wa siku hizi mnaojidai na meseji za sauti za WhatsApp, wazee wenu walishayafanya hayo kwa kaseti ya dakika 60 na betri nne.

Kaseti zilizobaki zilikuwa tano. Mwaka 2019 dada yangu mkubwa akazileta Dar kwa kijana mmoja mwenye studio ndogo, akazihamishia kwenye flashi ya GB 32. Kijana yule alituambia wazi kwamba kaseti zimeshafanya ukungu na hazitafanya safari nyingine. Kweli, mbili zilimkatikia palepale zikiwa zinamalizika. Dada akasikiliza kidogo kwenye laptopu yake, akalia, akaifunga flashi kwenye leso na kumpelekea mama. Mama akaiweka kwenye sanduku la kanga. Nakala nyingine? Hakuna. Kila mtu alidhani mwenzake anayo. Yule kijana naye baadaye akafunga studio.

Sikukuu ya Idd mwaka 2021 tukakutana Tanga wote, na baba mdogo kaja na zawadi, sabufa mpya ya mama. Baada ya kula mama akaingia chumbani, akatoka na ile leso. Akasema, ‘Leo baba yenu azungumze.’ Watu wakakaa kimya, mpaka watoto. Nikachomeka. ‘NO FILE’.

Unajua aibu ya fundi wa familia? Pale nyumbani kila kinachoharibika ni mimi, kuanzia pasi mpaka king’amuzi. Nikasema hii flashi ina kasoro kidogo, nipeni nusu saa. Nikatoka mbio mpaka kwenye kibanda cha mshikaji wangu anayeingizia watu nyimbo, ana kompyuta ya zamani yenye Windows XP, ile ya mwaka 2001. Nikachomeka. Kompyuta ikaniuliza kwa Kiingereza kizuri tu: diski hii haijafomatiwa, ungependa kuifomati sasa?

Msomaji wangu, leo najua kilichokuwa kinatokea. Kijana wa studio alikuwa ameifomati ile flashi kwa exFAT, kwa sababu inasomwa na kompyuta zake zote, na laptopu ya dada ilikuwa mpya, ikaisoma. Redio ya mama haikuijua exFAT. Na ile Windows XP nayo haikuijua, kwani XP inahitaji nyongeza maalumu ndipo isome exFAT, na mshikaji wangu hakuwahi kuiweka. Kwa hiyo vyombo viwili visivyojua kusoma viliniambia daftari halina kitu, na mimi mjuaji, mwenye cheti changu cha kidato cha nne, nikaamini. Kompyuta iliposema ‘haijafomatiwa’ ilikuwa na maana ya ‘sielewi’. Nikabonyeza YES. Nikaweka alama pale penye Quick Format, nikabonyeza tena. Sekunde kumi, kwisha.

Halafu, ili nihakikishe imepona, nikaingiza nyimbo 200 za mshikaji. Nikarudi nyumbani mbio, nikachomeka, redio ikapiga muziki mpaka majirani wakachungulia! Baba mdogo akanipigia makofi. Mama akasubiri wimbo uishe, akaniuliza, ‘Haya, na baba yako yuko wapi?’

We acha tu. Mpaka leo nikikumbuka natoka jasho.

Mama hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Alikusanya sahani zake, akaenda kuosha vyombo usiku ule, vyombo ambavyo wasichana walikuwa wameshaviosha.

Kilichoniokoa, kwa kiasi fulani, ni dada. Yeye ndiye aliyechomoa flashi kwenye redio na kusema hakuna mtu kuigusa tena. Bila kujua alitoa amri sahihi kuliko zote. Kwa sababu ukifomati kwa ile njia ya haraka, unachoma daftari tu, mizigo bado ipo ghalani, haina mwenyewe. Ingekuwa ile fomati ndefu, kwenye Windows za kuanzia Vista ambazo hufuta na ghala zima kwa sifuri, tungekuwa tunazungumza mengine. Kinachoua mizigo baada ya fomati ya haraka ni kuingiza vitu vipya, maana karani mgeni anajua ghala ni tupu, anaweka popote. Na mimi nilishaingiza nyimbo 200.

Siku mbili baadaye nikiwa Dar, jamaa mmoja anayejua kompyuta kwelikweli alinionyesha programu ya bure inayoitwa PhotoRec. Jina ni la picha lakini inaokoa hata sauti. Yenyewe haihangaiki na daftari. Inaingia ghalani na kupita kona kwa kona ikitafuta vichwa vya mafaili inavyovitambua. Sharti moja: unachookoa usikihifadhi kwenye flashi ileile, weka kwenye kompyuta, vinginevyo unazika kwa mkono mmoja unachofukua kwa mwingine. Tuliiacha ikafanya kazi huku tunakunywa chai, mimi nikiwa siwezi kumeza.

Pande zilikuwa 10, kila mmoja dakika 30 hivi. Kijana wa studio alizirekodi kwa WAV, ambayo haibanwi, inakula karibu MB 10 kwa dakika, hivyo kila upande ulikuwa kama MB 300. Nyimbo zangu 200 zilikuwa karibu GB 1. Piga hesabu mwenyewe: zilikanyaga pande tatu nzima na kichwa cha wa nne, na bila kichwa programu haikuutambua. Zikarudi pande 6. Laiti nisingejaribisha na nyimbo za mshikaji zingerudi, kwa hakika yote ninavyoamini, zote kumi.

Sasa mpangilio ambao fundi wa Tabata angepaswa kumwambia dada yetu ni huu. Flashi ikigoma kwenye redio, ipeleke kwenye kompyuta ya miaka hii, siyo ya makumbusho. Ikifunguka, nakili kila kitu kwenye kompyuta, ufungue mafaili mawili matatu uone yanapiga, ndipo ubonyeze kitufe cha kulia cha mausi juu ya flashi, uende Properties usome palipoandikwa File system. Ukikuta exFAT au NTFS, umempata mchawi, fomati kwa FAT32, rudisha nyimbo zako. Kama flashi inazidi GB 32, lile dirisha la kawaida la kufomati kwenye Windows kwa miaka mingi halikutoa FAT32 kwa ukubwa huo. Programu ya bure ya Rufus inaweza. Na kompyuta ikikuuliza kama unataka kufomati, jibu ni NO, hata kama nyuma yako kuna watu ishirini wanasubiri muziki. Jaribu kwanza kompyuta nyingine.

Pia usifomati kwa sababu umefungua flashi ukakuta nyimbo zote zimegeuka vishale vya shotikati. Hicho ni kirusi, kinatembea sana kwenye hivi vibanda vyetu vya nyimbo. Mafaili yako mara nyingi kimeyaficha tu. Usibonyeze vile vishale. Tafuta mtu anayejua ile amri ya attrib, atayafunua kwa dakika moja, kisha unakili ndipo usafishe.

Na kama redio inasoma flashi lakini inaruka baadhi ya nyimbo, hapo karani hana kosa, ni aina ya mzigo. Sabufa nyingi zinaelewa MP3, na baadhi WMA na WAV. Ukizipa M4A, FLAC au OGG zinapita kama hazijaona. Nimemkuta jamaa anabadilisha jina tu, anafuta ‘m4a’ mwishoni anaandika ‘mp3’, halafu anashangaa redio haidanganyiki. Kaka, kumvalisha mbuzi kanzu hakumfanyi aswali. Lazima wimbo ugeuzwe kwa programu, VLC au Audacity zinafanya hivyo bure.

Nyimbo kupigwa shaghalabaghala, ya tisa kabla ya ya kwanza, hiyo siyo ugonjwa. Redio nyingi zinafuata mpangilio wa kuingizwa, siyo wa majina. Weka namba mwanzoni, 01, 02, na uzinakili kwa zamu, utaona zimetulia. Mengine ya namna hiyo nitayajibu siku nyingine, nafasi inaniishia na bado sijamaliza ya mama.

Zile pande sita nilizigeuza MP3, nikasafiri nazo Tanga. Safari hii nilikuwa na nakala kwenye laptopu ya dada, kwenye kompyuta ya ofisini kwa shemeji na kwenye flashi mbili, moja nimeivaa shingoni kama hirizi. Tatizo jingine likaja. PhotoRec inaokoa faili lakini jina linapotea. Mafaili yote yalikuwa na herufi f na namba ndefu, na namba zile zinaonyesha faili lilikaa wapi ndani ya flashi, hazionyeshi lilirekodiwa lini. Hatukujua lipi ni la mwanzo, lipi ni jibu la lipi.

Mama akasema, ‘Piga.’

Ikatoka sauti ya mwanamume, nyembamba kuliko nilivyotarajia, na jogoo anawika nyuma yake. Anauliza kama ada ya shule imetosha. Anasema dagaa wa huko ni wakubwa kama kidole. Anakohoa, anaomba radhi kwa kukohoa. Nilikuwa na miaka 22 ndiyo namsikia baba yangu kwa mara ya kwanza kichwani mwangu, maana ya utotoni haihesabiki. Mama hakutikisika. Alisikiliza kidogo akasema, ‘Huu ni wa tatu. Lete mwingine.’ Akapanga pande zote sita vivyo hivyo, kwa kusikia dakika moja moja, sisi tunaandika kwenye daftari. Kwenye mmoja aliposikia sauti yake mwenyewe ya ujanani, anacheka, akasema, ‘Hili ni jibu. Swali lake ndilo ulilolifuta.’

Nikamwambia, mama nisamehe. Akasema, ‘Kwani mimi sikulisikia?’ Akaanza kulieleza, neno kwa neno alivyodai yeye, mzee alivyouliza, na alipocheka, na kilichofuata. Alipomaliza hilo akaendelea na pande nyingine tatu. Dada akawa amewahi kuweka simu yake mezani na kubonyeza kurekodi.

Ilipofika saa nne usiku tukanakili ile rekodi ya mama kwenye flashi ili isikike kwenye sabufa pamoja na zile sita. Redio ikasoma sita, ya saba ikairuka. Watu wote wakanigeukia. Baba mdogo akasema, ‘Usifomati!’

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Simu ya dada inarekodi kwa M4A. Nikaigeuza MP3, nikaipa namba 07, nikachomeka tena, nikamwachia mama mwenyewe rimoti.